Ubao Usiojibiwa Salamu

Valeria, jirani yangu wa Nyakitonto, alikuwa na rovu shingoni na sauti ya kusimamisha majembe ya watu. Daktari alimwambia rovu likiachwa litamkaba, likikatwa sauti huenda ikaondoka nalo. Akakubali kukatwa. Alitaka jambo moja tu kabla ya hapo: wimbo wake wa kulimia ubaki mahali.

Bahati ikaja. Mwaka wa sabini na tano watu wa filamu walifika kupiga picha za kijiji chetu kipya. Mkubwa wao, Abdulrahmani, mtu wa Tanga, akamsimamisha Valeria kwenye mahindi. Msaidizi wake, Crispin, akashika ubao mweusi wenye mdomo juu, akaufunga: pa!

Sasa, Muha kama sisi apigiwe makofi akae kimya? Kwetu salamu huendana na makofi, na asiyejibu hakulelewa. Valeria akainama, akapiga makofi: "Mwakeye, baba, mwakeye!" Kijiji kizima kikamfuatia.

Abdulrahmani akafoka. "Mama, hiyo si salamu! Picha inanaswa na mashine hii, sauti na ile. Ubao ukijifunga tunauona kwenye picha, tunausikia kwenye sauti. Dar tunaziunganisha kwenye mlio huo, mdomo na maneno viende pamoja. Mkipiga wote nitajuaje kofi la ubao ni lipi?"

"Kwa hiyo nisimjibu kijana wa watu?"

"Usimjibu."

"Makubwa haya!"

Crispin akapiga tena. Mikono ya Valeria ikainuka yenyewe. Mkanda ukaharibika mara ya pili, na uliobaki ulikuwa wa mwisho. Valeria akaanza kulia. Mimi nilimchukia yule Mtanga: adabu imekuwa kosa tangu lini?

"Nipeni jembe," Valeria akasema. "Mikono yenye kazi haina deni la salamu."

Pa! Akaukaza mpini, akaimba wimbo wote.

Valeria akapasuliwa, akapona. Sauti ikabaki mnong'ono.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilikuja. Tukamwona kwenye shuka jeupe, mdomo na sauti sawia kabisa. Ubeti mmoja tu! Kisha, mdomo wa Valeria ukiendelea kuimba, mwanamume fulani asiyeonekana, kwa Kiswahili kilichonyooka, akaanza kueleza faida za kupanda mahindi kwa mistari. Akaendelea hadi picha ya Valeria ikaisha, wimbo hausikiki tena. Niliona hasira, nikainuka nikaling'oe lile spika. Valeria akanivuta nguo, akaninong'oneza:

"Mwanangu, huyo ni nani anayesema kinywani mwangu?"