Viatu Vizuri Vilivyomkosesha Bibi Riziki

Jua bado halijafika upande huu wa barabara. Fundi viatu anatandika gunia mbele ya duka la vitambaa, na kabla hajatoa hata sindano, mkono umeshanyooshwa mbele ya uso wake. Ni mwanamume wa magongo.

"Bado sijafungua, kaka," fundi anasema bila kuinua macho. "Zunguka kwanza."

Atazunguka, atarudi, na wengine watamfuata. Kona hii iko kati ya kituo cha mabasi na benki, kwa hiyo waombaji hawakosekani. Sisi wapita njia tunageuza shingo na kuwahi shughuli zetu. Fundi anashinda nao kutwa.

"Watu wanadhani nimewazoea," anasema huku akipaka gundi kwenye soli. "Hamna cha kuzoea, unachoka tu. Ukitoa, jioni watoto wako wanakukodolea macho. Usipotoa, roho inakusuta. Haya, wewe mwenye kalamu, niambie nifanyeje."

Nainamia daftari langu, naandika.

Fundi ana watoto wanne, mke anayefulia watu nguo, na chumba kimoja cha kupanga. Siku nzuri humpatia unga na nauli. Siku ya mvua hurudi nyumbani kwa miguu.

Ndiyo maana alijiwekea utaratibu: pesa hatoi, ila mwombaji mwenye kiatu kilichochanika atamshonea bure. Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka zamu ya bibi anayekaa kwenye ngazi za benki, mjane anayelea wajukuu wawili walioachwa na marehemu binti yake.

Viatu vya bibi vilikuwa vimeachama, vidole vyote nje. Fundi alivishona, akavitia soli mpya, kisha akavipaka rangi na kuvipiga brashi mpaka vikang'aa. Hakuombwa. Baba yake, aliyemfundisha kazi, hakuruhusu kiatu kirudi kwa mwenyewe bila kung'arishwa, na mkono wa fundi umeshazoea hivyo.

Siku chache baadaye bibi alirudi pekupeku, viatu mkononi.

"Mwanangu, umenimaliza," alimwambia. "Watu wananitazama usoni, wanashusha macho miguuni, wanaenda zao. Jana mama mmoja kaniambia viatu vyangu vimeshinda vyake. Wajukuu wamelala na chai kavu. Hebu vichane kidogo."

"Nivichane? Bibi, hii si kazi ya mikono yangu?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mwingine ataviharibu."

Fundi anacheka akisimulia, lakini kicheko hakidumu. Siku ile alishika kisu, akakirudisha chini. Mkono ulikataa.

"Nilikasirika sana," anasema. "Sikumkasirikia bibi. Niliwakasirikia wale wanaotaka mtu aaibike kwanza ndipo wamwonee huruma."

Lakini hasira haipiki uji. Alipekua mzigo wa viatu ambavyo wenyewe hawakuvirudia, akampa jozi iliyochoka kabisa. Tangu hapo bibi huanzia siku yake kwenye gunia hili.

Leo naye huyu hapa, anakuja taratibu, mkono kiunoni.

"Ofisi imefunguliwa, mwanangu?"

"Karibu, bibi. Sare yako hii hapa."

Anavua viatu vizuri, anavaa vibovu, anajikongoja kuelekea benki. Jioni atabadilisha tena, maana hataki wajukuu wamwone akirudi vile. Fundi anavifuta vumbi viatu alivyoachiwa na kuviweka nyuma yake, mbali na jua.

Ndoto yake ni kibanda cha bati chenye meza pembeni, ambapo bibi atauza kamba za viatu na rangi. Ameulizia kodi, akarudi ameinamisha kichwa. Hata hivyo bado anauliza.

"Nimechoka, sikufichi," anasema akivuta uzi kwa meno. "Lakini nataka asubuhi moja aje hapa, nimnyooshee vile vibovu kama kawaida, aniambie, 'Weka tu, mwanangu, leo sivui.'"