Kichwa cha Mkalimani

Kichwa cha Gershom Mwarandu kilikuwa na siku zake na saa zake. Kilianza Jumanne na Ijumaa, mwendo wa saa nane mchana, mara hakimu alipofunga jalada la mwisho na kutoka. Hakikuanza kwa kugonga. Kilianza nyuma, kwenye kisogo, kikapanda taratibu pande zote mbili mpaka kwenye paji la uso, na hapo kikakaza. Kufikia alipokivuka kiwanja cha mahakama kwenda kuchukua baiskeli yake, alijiona kama mtu aliyefungwa kilemba kibichi kinachomkaukia kichwani juani.

Mwaka ule wa 1948 alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ilikuwa ukalimani. Hakimu wa mahakama ile ndogo ya Kisauni alikuwa Mzungu asiyejua Kigiriama, na wengi wa walioletwa mbele yake walikuwa Wagiriama wasiojua Kiingereza. Gershom alisimama katikati yao. Mzee akisema "mimi", Gershom naye alisema "mimi" kwa Kiingereza. Hakimu akisema "nakuamuru uhame", Gershom alimtazama yule mzee usoni akamwambia kwa Kigiriama, "Nakuamuru uhame." Ndivyo kazi ilivyotaka. Mkalimani hasemi "anasema hivi, anasema vile". Huwa yeye ndiye yule anayesema.

Na kesi za miaka ile, baada ya vita, zilikuwa za ardhi. Watu waliolima Junda na Kisauni tangu enzi za babu zao waliambiwa kwamba viwanja vile vina wenyewe, na wenyewe wana hati. Waliokuja kusikiliza hawakukumbuka jina la hakimu. Walikumbuka sauti iliyowaambia wahame, na sauti hiyo ilikuwa ya Gershom. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia vizuri njiani, wakamjulia hali, wakapita. Lakini harusini hakualikwa, na matangani alipofika, mazungumzo yalihamia kwenye mvua.

Mkewe, Selpher, alikwenda Rabai wakati wa masika kumuuguza mamake. Mama alipona mwezi wa Juni, Selpher hakurudi. Barua zake zilikuwa za upole, zikieleza habari za mihogo na za kanisa, na hazikusema lini. Gershom hakuuliza. Alijua kwamba kisimani, Selpher alipofika na ndoo yake, wanawake walikuwa wakinyamaza mpaka aondoke.

Kwa hiyo alirudi kwenye nyumba tupu, akafunga madirisha, akalala chali na kitambaa kichwani. Alijaribu limau, akajipaka kwenye paji. Alijaribu kufukiza majani aliyoelekezwa na jirani. Mwisho akashika vidonge vya aspirini kutoka duka la Mhindi. Mwanzoni alimeza viwili siku za mahakama. Baadaye vinne. Kufikia mwezi wa Agosti alikuwa akivimeza kila alfajiri pamoja na chai ya rangi, hata kabla kichwa hakijauma, kama mtu anayempelekea jini sadaka asije.

Ilikuwa Jumatano moja ya mwezi huo, kichwa kimekesha naye, alipokwenda zahanati. Dresa, yaani mganga msaidizi, aliyekuwapo aliitwa Nicanor, mtu wa Taita, mpole wa maneno, ambaye kwa watu wa Kisauni alikuwa ndiye daktari. Alimpima homa, akamchunguza macho, akamwinamisha kichwa kidevu kiguse kifua.

"Homa huna," alisema. "Shingo inakunjika. Unaona sawasawa? Mikono haifi ganzi?"

"Naona vizuri, daktari. Mikono haina neno."

"Unatapika? Mwanga unakuumiza?"

"La. Jirani ameniambia ni kipandauso."

"Kipandauso mara nyingi hushika upande mmoja, kikapiga kama ngoma, na mtu akatamani kukaa gizani. Chako kinagonga au kinabana?"

"Kinabana."

Nicanor alikwenda nyuma ya kiti, akamwekea vidole gumba kwenye maungio ya shingo na mabega, akabonyeza kidogo tu. Gershom aliruka kama aliyechomwa mwiba. Dresa akapanda na vidole mpaka chini ya masikio, kwenye mizizi ya taya, na huko nako kulikuwa kugumu kama kamba ya ngalawa.

"Bwana Gershom, meno yako yako wapi sasa hivi?"

Gershom hakuelewa swali, kisha akaelewa. Meno yake ya juu yalikuwa yamekaza juu ya ya chini kwa nguvu zote. Hakuwa na habari.

"Mtu akinyamaza kwa raha zake, midomo hufungwa lakini meno huachana," Nicanor alisema. "Wewe umeyakaza kama mtu aliyebeba gunia. Nyama za taya na za shingo zikikazwa saa sita, zitalia, na kilio chake utakisikia kichwani. Hili si pepo wala si ubongo. Unafanya kazi gani vile?"

Alipoambiwa, Nicanor alirudi mbele ya kiti. Kisha akampa masharti, akayarudia mara mbili kama mwalimu. Apunguze vidonge, kwa sababu kichwa kinachopewa dawa kila siku huishia kuidai. Asiende mahakamani na chai tupu tumboni, na anywe maji. Jioni aweke kitambaa cha maji moto shingoni, ashushe mabega, aachanishe meno. Atembee kwa miguu. Na siku kichwa kitakapomjia ghafla kwa nguvu asizowahi kuziona, au pamoja na homa, au ulimi ukawa mzito, asingoje, aende hospitali.

"Na la mwisho," Nicanor alisema, "tafuta mtu wa kuzungumza naye. Maneno yako mwenyewe, si ya kukalimani."

Gershom alimshukuru. Njiani kurudi alipitisha majina ya watu kichwani, mmoja mmoja, akafika nyumbani hajapata.

Yale mengine aliyafuata. Wiki ya kwanza alipoacha vidonge kichwa kilimtesa kuliko mwanzo, akakaribia kuvunja sharti. Wiki ya tatu kikalegea. Kuna Ijumaa moja alipanda baiskeli kichwa kikiwa chepesi hata akashangaa kwamba miti ina rangi nyingi vile.

Kisha likaja jalada la Kafedha.

Kafedha alikuwa shangazi yake, dada wa babake. Mama mzazi alipofariki, ni Kafedha aliyemchukua Gershom akiwa mchanga, akamlea huko Junda mpaka alipotimiza miaka kumi na miwili akapelekwa shule ya misheni Frere Town. Aliishi kwenye kiwanja kile kile mpaka leo, mjane, na migomba yake na mikorosho yake na makaburi matatu nyuma ya nyumba. Mwenye hati alikuwa ameuza kiwanja, naye aliyenunua alikitaka kitupu. Gershom alikuwa na miaka minne hajapiga hodi pale. Kila alipokusudia alijiambia, nitasema nini.

Asubuhi ile ya Jumanne alimwendea hakimu chumbani, akamweleza kwamba mshtakiwa ni jamaa yake. Hakimu alifikiri, akasema hakuna mkalimani mwingine, kesi ni fupi, na yeye anamwamini. Gershom akarudi akasimama mahali pake.

Kafedha aliingia akijikokota na fimbo, amevaa leso mpya. Alimtazama Gershom kama unavyotazamwa mlango. Hati ikasomwa. Gershom akaigeuza yote, mipaka na tarehe, sauti yake ikiwa sawa kama siku zote. Hakimu akauliza kama mama huyu ana la kusema.

Kafedha alijibu polepole, ili kila neno lipate nafasi. "Kwako wewe sina neno. Nilikuwa na neno la kumwambia mwanangu, lakini mwanangu hayupo hapa."

Gershom aligeuka kwa hakimu. Kwa Kiingereza safi alichofunzwa Frere Town akasema, "Kwako wewe sina neno. Nilikuwa na neno la kumwambia mwanangu, lakini mwanangu hayupo hapa."

Hakimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinua kalamu. "Mwanao yuko wapi?"

Na Gershom akageuka tena, akamwuliza shangazi yake kwa Kigiriama, "Mwanao yuko wapi?"

Chumba kizima kilikuwa kinajua, isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyeuliza.

"Sijui," Kafedha alisema. "Nilimfungia nguo zake akaenda shule. Tangu hapo huonana naye njiani tu, akiwa na haraka."

Akaligeuza na hilo. Hakuruka neno, hakukwama. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa ana mwana asiyejulikana alipo, akampa miezi miwili ya kuhama, akafunga jalada.

Siku hiyo kichwa hakikungoja saa nane. Kilimshika pale pale aliposimama, na kilipomshika akajua meno yalipo, lakini hakuweza kuyaachanisha. Aliogopa kwamba yakiachana kitatoka kitu asichoweza kukirudisha. Alitembea akikokota baiskeli mpaka zahanati, akaketi kwenye benchi wagonjwa wakiingia na kutoka, mpaka Nicanor akabaki peke yake.

"Kimerudi," alisema.

Nicanor alichovya kitambaa kwenye maji moto, akakikamua, akamwekea shingoni. Hakuuliza. Ni Gershom aliyeanza, na alipoanza alisema mengi, kwa Kigiriama, lugha ambayo Mtaita yule hakuielewa hata nusu. Alisema mpaka kitambaa kikapoa kikabadilishwa mara tatu.

"Sikupata yote," Nicanor alisema mwishoni.

"Najua."

"Ungemwambia anayeielewa."

"Yeye ndiye aliyehukumiwa."

"Basi mahali pake unapajua," alisema dresa, akaanza kufunga madirisha.

Zilipita wiki tano. Jumamosi moja, watu walipokuwa wameshaanza kuhamisha vyombo vya Kafedha, Gershom alifika Junda kwa miguu. Alisimama mpakani mwa kiwanja akapiga hodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akifunga vyungu kwa majani makavu ya mgomba. Hakumwambia karibu, wala hakumwambia ondoka.

"Nimekuja kuteremsha makuti."

"Yapo juu."

Alivua viatu, akapanda paani. Siku nzima aliteremsha makuti, akang'oa fito, akazifunga mafungu kwa kamba. Vumbi na masizi ya miaka vilimjaa kooni. Adhuhuri Kafedha alimletea maji kwenye kata, akasimama akimtazama anavyokunywa.

"Nilitafsiri kila neno," Gershom alisema.

"Nilisikia. Kizungu sikijui, lakini nilisikia urefu wake. Hukupunguza." Akaipokea kata. "Afadhali ungepunguza, mwanangu. Ungekosea hata neno moja, ningejua limekuuma."

Gershom alitaka kumweleza habari za kichwa, za kisogo na taya na kilemba kinachokauka. Aliyaanza maneno, akaona ni madogo mbele ya ile nyumba isiyo na paa. Akasema tu, "Liliniuma, tsangazi." Alimwita kwa Kigiriama, kama alivyomwita utotoni.

 Kafedha alikwenda nyuma, kwenye makaburi, akakaa huko kwa muda, na Gershom akaendelea na fito zake. Jioni alipokuwa akinawa, alijigusa shingo kwa mazoea. Ilikuwa imechoka, imejaa jasho, laini. Kichwa hakikumwuma siku ile, ingawa hapakuwa na jambo hata moja lililopona.

Kafedha alihamia Kaloleni kwa jamaa zake. Lori lilipoondoka alipunga mkono, lakini alikuwa anawapungia majirani wote, na Gershom hakuweza kujua kama alikuwamo.

Aliendelea na kazi. Hakuwa na nyingine, na alijua kwamba akiondoka, ataletwa mtu atakayepunguza maneno ya wazee kwa uvivu. Lakini alimwomba hakimu kitu kimoja: kati ya kesi na kesi, apewe dakika chache atoke nje anywe maji. Hakimu alikubali bila kuuliza sababu. Gershom alikuwa akisimama ukutani, akashusha mabega, akaachanisha meno, akavuta pumzi mpaka karani amwite. Kichwa kiliendelea kuja, mara moja kwa wiki, wiki nyingine kisije kabisa. Kilipokuja alikitambua mapema, kikiwa bado shingoni, akakiwekea maji moto kabla hakijapanda. Vidonge alivinunua kwa nadra.

Kila Alhamisi jioni alipita zahanati kumwamkia Nicanor, wakazungumza habari za milima ya Taita na za mvua, mpaka mwaka uliofuata Nicanor alipohamishwa Port Reitz. Dresa mpya alikuwa na haraka.

Krismasi Gershom alikwenda Rabai. Selpher alimpikia, akamfulia shati, akamwuliza, "Na kichwa?"

"Kipo. Si kila siku."

"Na watu?"

Alifikiri jinsi ya kumjibu kwa ukweli. "Wananiamkia," alisema.

Selpher aliitikia kwa kichwa, akasema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yalikuja yakapita. Alirudi baada ya mavuno ya pili, na ndoo yake, na siku ya kwanza aliyokwenda kisimani Gershom alifuatana naye, wakasimama kwenye foleni wote wawili bila kusema, mpaka zamu yao ikafika.