Tovuti ya Mwalimu wa Viazi

Kazi ninayoifanya mjini Nakuru huwachukua watu muda kuielewa, na mimi mwenyewe, niliyesomea sosholojia, sikuwahi kuitarajia. Mtu akitafuta kitu mtandaoni, mtambo wa kutafuta humpangia tovuti, ukizitanguliza zile zinazotajwa na tovuti nyingine zinazoaminika. Kutajwa huko, kwa kiungo unachokibonyeza ukafika, ndiko ninakowatafutia wateja wangu. Wapo wanaouza viungo kwa mamia. Mtambo ukigundua, tovuti iliyovinunua husukumwa mbali kusikofikwa na mtu. Njia salama ni ya polepole: kuomba.

Mwaka mmoja dadangu mkubwa, mkulima wa Olenguruone, alikuwa na stoo iliyojaa mbegu ya viazi. Mnunuzi wake wa miaka yote alikuwa ameacha biashara, na mbegu haimngoji mtu. Ilikwisha kuanza kuchipuka. Nilikuwa nimemtengenezea tovuti, lakini aliyetafuta mbegu aliifikia baada tu ya kukata tamaa na nyingine zote.

Katika kumtafutia wa kumtaja, niligundua kwamba kurasa nyingi za wakulima, za Molo hata za Kinangop, ziliwaelekeza wasomaji kwenye tovuti moja iliyokwisha kuzimika. Ilikuwa ya afisa wa kilimo mstaafu wa Olenguruone, aliyeweka humo masomo ya viazi, na aliyefariki miaka michache nyuma. Ada ya tovuti haikulipwa tena. Katika kazi yangu, hiyo ni bahati. Unawaandikia wenye kurasa: kiungo chenu hakifanyi kazi, wekeni chetu mahali pake. Ni halali, na hakuna mtambo unaokuadhibu kwa hilo.

Nilimweleza dadangu tukimenya viazi jikoni kwake. Aliweka kisu chini.

"Huyo ndiye alinifundisha kuchagua mbegu. Sasa unataka tuingie shamba lake kabla hatujabisha kwake?"

"Si shamba, dada. Ni anwani tu."

"Wewe na digrii yako! Mjane wake anaishi hapo juu karibu na kanisa. Ama huko chuo hamkufundishwa kupanda mlima?"

Tulipanda, tumebeba sukari na majani ya chai. Mama huyo alitukaribisha sebuleni, chini ya picha ya marehemu akiwa amevaa gambuti, ameshika kiazi kama mtu anayekitambulisha kwa wageni. Alinisikiliza kwa upole hadi nilipotaja kuzimika.

"Imezimika? Mimi huwaambia wajukuu, babu yenu yuko kwa mtandao, siku mkimtaka mtampata."

Aliomba nimwonyeshe. Mtandao wa mlimani ni mzito. Tulingoja watatu mbele ya kioo kidogo cha simu, hadi ukurasa mweupe ulipotokea na maneno machache ya kwamba kilichotafutwa hakipo. Alivaa miwani, akasoma, akanirudishia simu.

"Kwa hivyo alikufa tena," alisema, "na hakuna mtu alikuja kuniambia pole."

"Pole, mama," nikasema.

Kisha nikamweleza kwamba nakala za kurasa za zamani huhifadhiwa mtandaoni, na kwamba nikizipata ningeweza kuziweka kwenye tovuti ya dadangu, akikubali.

"Jina lake liwe juu," alisema. "La huyu msichana wangu liwe chini."

"Hata chini ya viazi, mama," dadangu akasema, na mwenyeji wetu akacheka kwa mara ya kwanza.

Baadhi ya masomo sikuyapata, wala sidhani yatapatikana. Niliyoyapata niliyaweka, jina la marehemu likitangulia, kisha nikawaandikia wenye kurasa mmoja mmoja: mwalimu alifariki, mafunzo yake sasa yako hapa. Wengi hawakujibu. Waliobadilisha viungo walitosha kuipandisha tovuti ya dadangu, taratibu mno kwa mtu ambaye kila asubuhi alikuwa akifungua stoo na kunusa. Mvua ilipoanza, zaidi ya nusu ya mbegu ilikuwa imepata wakulima. Iliyobaki ilioza. Tuliifukia mbali na shamba, kama mojawapo ya masomo yale linavyoagiza.

Miongoni mwa majibu lilikuwamo la mkulima mmoja wa Kinangop. Hakusema lolote kuhusu kiungo. Aliandika kwamba alikuwa amefuata mafunzo ya mzee misimu mingi akidhani yu hai, akauliza ampe nani pole.

Nilimpigia mjane simu nikamsomea. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Mwambie imefika," alisema.