Safari ya Kwenda Kumwitikia Yaya Asende

Niliondoka Kigoma kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Ilikuwa mwaka 2017, mvua zimekwisha, Riziki aliponitumia kwenye simu video ya sherehe ya tenzi ya mwaka uliotangulia. Riziki, msusi kule Johannesburg, ni binti wa kaka yangu Asende. Kwenye video kaka yangu, ambaye mimi humwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu huko Uvira tulikozaliwa, amesimama peke yake jukwaani. Anasimulia utenzi wa Lusenge, ule wa ukoo wetu. Anatoa mstari, anangoja. Anaurudia, anangoja. Anaurudia tena, kisha anashuka jukwaani huku ukumbi mzima ukiwa kimya. Chini ya video watu walikuwa wameandika: mzee amesahau.

Hakusahau! Hakuitikiwa. Kwetu utenzi haubebwi na mtu mmoja. Mtambaji hutoa mstari, mwitikiaji hujibu "Tuko naye!", ndipo mstari unaofuata utoke. Mwitikiaji akinyamaza, maana yake ni moja tu: umekosea, rudi nyuma ukatengeneze. Basi kaka yangu, mbele ya watu walionyamaza kwa adabu zao, alikuwa anatafuta kosa ambalo halikuwepo. Mwitikiaji wake tangu ujana ni mimi, Feza, na mimi nilikuwa Kigoma nauza vitenge.

Tangu siku ile Wakongomani wenzake waliacha kumwita kwenye harusi na matanga. Waandaaji wa sherehe walimwalika tena, lakini safari hii kwa sharti kwamba asome kwenye karatasi. Yaya asome Lusenge kwenye karatasi! Nilimwachia jirani yangu duka, nikafunga mzigo.

Kutoka Kigoma nilipita Mpanda na Sumbawanga hadi Tunduma, vumbi likiwa limeninyima hata rangi yangu. Zambia niliiona zaidi kupitia dirishani. Abiria wenzangu walilala, mimi nikaupitia utenzi kimoyomoyo, mstari kwa mstari, nikiitikia kwa midomo bila sauti. Mama mmoja wa Lusaka alinihama akaenda kiti cha mbali. Nadhani alidhani nina mashetani, na sikumlaumu.

Mpakani Beitbridge, nikitoka Zimbabwe, afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini Afrika Kusini. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nilimwambia, "Kumjibu kaka yangu."

"Amekuuliza nini?"

"Bado hajauliza."

Alinitazama, akatazama foleni nyuma yangu, akagonga muhuri.

Johannesburg ilinipokea kwa baridi kavu inayopasua midomo. Riziki alinipokea kituoni na blanketi mkononi, tukapanda teksi hadi mtaa wa Diepsloot. Yaya ana cherehani yake kwenye chumba cha mabati nyuma ya spaza, yaani kiduka cha mtaani, ya Msomali mmoja. Nilimkuta anapinda suruali ya sare ya shule. Alikuwa amekonda. Hakuinuka.

"Feza, nani amekuita?" aliuliza.

"Hasira."

"Banasema nilisahau. Mie!" Alisema kwa Kiswahili chetu cha Uvira, akakanyaga cherehani kwa nguvu. "Minasema mustari, batu bananyamaza. Minarudi, bananyamaza. Nikasema, Mungu wangu, nimeharibu wapi?"

Mimi nililia waziwazi, Riziki naye akashika mlango akitazama nje. Kumbe mwaka mzima mtu yule aliamini amekosea asijue wapi.

Kesho yake Riziki alinipeleka Marshalltown, ulipo ukumbi wa sherehe. Mwandaaji, Mwalimu Naledi, anafundisha lugha za kale, na sherehe yake ni ya tenzi: za Wayunani wa zamani na za Waafrika, siku moja. Ni mama mwema; alitupa chai kabla ya maneno. Riziki akafanya kazi ya kutafsiri. Mwalimu alieleza kwamba tenzi za Wayunani ziliishi vinywani mwa watu vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Kila shujaa hutajwa na sifa yake, na mjumbe akitumwa huurudia ujumbe mzima neno kwa neno. "Kurudia ndiko kulikowabeba," alisema. "Ni ufundi mkubwa."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Myunani akirudia ni ufundi, kaka yangu akirudia ni uzee?"

Riziki, anayeniita Tantine badala ya shangazi, aligwaya. "Eish, Tantine, hiyo nitaisemaje?"

"Iseme hivyo hivyo. Usipunguze chumvi."

Aliisema. Mwalimu aliweka kikombe chini. Nikamuuliza, "Na hao Wayunani, nani alikuwa akiwaitikia?"

"Hatujui," alijibu. "Kama alikuwepo, hakuna aliyemwandika."

"Basi mmehifadhi nusu. Ya kaka yangu hamtahifadhi nusu."

Alikubali karatasi iondoke na mimi nikae na Yaya jukwaani. Ila hadhira, alisema, lazima inyamaze, kwa sababu wanarekodi. La kwanza nililishukuru, la pili nikaliacha lipite.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Wakongomani walikaa nyuma, na nilijua wamekuja kuona kama mzee atasahau tena. Wanafunzi wa Mwalimu walianza kwa kughani Kiyunani. Sikuelewa neno, lakini mapigo yake niliyajua, na mguu wangu ulicheza wenyewe. Watu walisikiliza wakiwa wamefunga midomo, wakapiga makofi mwishoni. Niliwahurumia wale vijana.

Zamu yetu ilipofika nilisimama kabla ya Yaya na kuuambia ukumbi, Riziki akitafsiri kutoka kiti cha mbele: "Kwetu kunyamaza ni tusi. Fuateni mdomo wangu." Mwalimu Naledi alifumba macho. Hakunizuia.

"Lusenge asiyeinamia mlango!" Yaya alianza.

"Tuko naye!" niliitikia. Wachache walifuata, kisha wengi. Mwingine alisema "Yebo!", Warundi wakasema "Ego!", yote ni "ndiyo", nikawaachia, mradi wamejibu. Yaya aliinuka kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Miaka ilimtoka usoni.

Halafu alikosea.

Safari hii alikosea kweli. Akiwataja waliovuka mto pamoja na Lusenge, alimruka Nabwiza, dada yake aliyebeba moto. Ukimwacha Nabwiza ng'ambo, mwishoni hakuna wa kumtoa Lusenge shimoni, na utenzi wote unaanguka. Ukumbini hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Ningeitikia tu, jina la kaka yangu lingepona, na kamera zingeondoka na uongo mzuri.

Nilinyamaza.

Ukumbi uliokuwa ukinifuata ukanyamaza nao. Yaya akanigeukia kwa macho ambayo sijapata kuyaona kwake. Akatoa mstari uleule. Kimya. Kule nyuma mtu akasema, "Ni yaleyale." Sikufungua mdomo. Nilikaza meno na kumtazama kaka yangu, nikimwambia kwa macho: kosa lipo, litafute.

Alirudi hadi ukingo wa mto. Akawahesabu wasafiri kwa vidole, taratibu, mbele ya watu wote. Akasimama kwenye kidole kimoja.

"Nabwiza!" alipaza sauti. "Nabwiza mbeba moto, asiyeachwa ng'ambo!"

"TUKO NAYE!"

Sijui kama kuta za Marshalltown zimewahi kusikia kitu kama kile. Tulikwenda hadi mwisho bila kuteleza tena, na wale wa nyuma waliitikia wakiwa wamesimama.

Wiki iliyofuata nilikuwa kituoni, mzigo umepakiwa, mguu kwenye ngazi ya basi. Harusi mbili zilikwisha kumwita Yaya, moja ya Randburg, na Riziki angemwitikia. Yeye hupendelea isiZulu, lakini kuitikia alikuwa hodari.

Yaya alisimama mikono mifukoni. "Ulininyamazia mbele ya batu."

"Nilikunyamazia. Na ukikosea mbele ya rais nitakunyamazia."

Aliangalia chini, kisha akamnyooshea kidole Riziki. "Huyu jana nilikosea makusudi, akaitika. Tena kwa furaha!"

Riziki akaguna. "Lakini ni Papa wangu."

Hapo ndipo nilipojifunza kilichonipeleka kule. Nilimwambia kondakta ashushe mzigo wangu, akanitukana kwa lugha mbili, akaushusha. Kuitikia Riziki alikuwa anajua tayari. Kunyamaza kulituchukua majira yote ya baridi.