Bodi ya Tathmini Yafika kwa Fundi Isack

Isack Mwaisumo hakuwasha kitu chochote kabla hajasoma maelezo yake mpaka ukurasa wa mwisho. Alisoma maelezo ya redio, ya pasi, ya dawa ya mbu. Mkewe Yustina alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Isack alimwuliza mkunga, kwa heshima zote, kama mtoto hakuja na karatasi.

Alitoka Tukuyu akiwa kijana, akaajiriwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Kiwanda kilipouzwa, mmiliki mpya aliingia na mafundi wake, na Isack akafungua kibanda cha kutengeneza feni mbele ya nyumba aliyopanga, huku kwetu Temeke. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwamvita na mumewe Mzee Nassibu, wenyeji hasa, waliokuwepo tangu eneo lote likiwa minazi.

Bi Mwamvita alikuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye kiti. Kamati ya harusi, yeye. Kikundi cha upatu, yeye. Mtaa ulipounda kamati ya kumkamata mbuzi mmoja aliyekuwa anakula nguo kwenye kamba, akaongoza yeye, na mbuzi alikamatwa. Mzee Nassibu kazi yake ilikuwa kulala. Nimemwona kwa macho yangu akilala huku ameshika kikombe cha chai, na chai isimwagike.

Sasa, ulikuwa ule mwaka wa mgao mkubwa wa umeme, na biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye nauli anakwenda Dubai. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, kijana mtanashati aitwaye Anwar, alipata wazo: alete feni zinazotumia betri ya gari, watu wapate upepo hata umeme ukikatika. Huko nje wakamwambia zipo, tena za aina mpya, na wakampa sampuli ndani ya boksi. Anwar alipofungua boksi aliona mota moja, mapanga matano, na kibao cha kijani kilichojaa vidude. Akafunga boksi upesi, akaja kwa Isack.

"Fundi, hiki ni nini?"

Isack alitoa kijitabu kwanza. Kilikuwa cha Kiingereza. Akasoma amesimama, akasoma ameketi, mwisho akavua miwani.

"Hii, bwana Anwar, ni bodi ya tathmini."

"Ndiyo nini?"

"Hii mota haina brashi. Feni ya kawaida ya betri ina vipande vya kaboni ndani, vinasugua mpaka vinaisha, unaniletea mimi. Hii haina cha kusugua. Hii bodi ndiyo inayoipelekea mota umeme kwa zamu. Wameitengeneza makusudi, mtu uijaribu feni na kuipima kabla hujaagiza nyingi. Kuipima ndiyo tathmini."

"Basi tathmini. Jumamosi nakuja kuona. Ikifaa naagiza kontena."

Isack alifurahi mno. Maneno yale, bodi ya tathmini, alikuwa ameyatafsiri mwenyewe, na aliyarudia siku nzima kama mtu aliyepata jina la mtoto. Jioni akamwambia mkewe asipange kufua Jumamosi uani, kwa sababu bodi ya tathmini itakuwa pale.

Asubuhi yake Bi Mwamvita akamkuta Yustina bombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi mie nataka kuanika mpunga uani, nyie msitandaze nguo."

"Samahani mama, Jumamosi mume wangu ana bodi ya tathmini pale uani."

Bi Mwamvita akatua ndoo.

"Bodi?"

"Ndiyo, mama. Ya tathmini. Wameileta kutoka nje."

"Kutoka nje ya nchi?"

"Ndiyo. Bwana mmoja wa Kariakoo ndiye atakayeileta nje, uani, tuione wote." Yustina alijibu huku anapigania zamu ya maji, wala hakuona jinsi Bi Mwamvita alivyoondoka bila kujaza ndoo.

Msimlaumu Bi Mwamvita. Miaka ile kila siku redio ilitangaza bodi: bodi imefanya hili, bodi imeunda lile, wajumbe wa bodi wamekagua kiwanda. Hakuna aliyesikia bodi akafikiria kibao. Kwake yeye bodi ilikuwa watu wenye suti na mikoba, nao wanakuja uani kwake, kutoka nje ya nchi, na fundi hata hakuona vema kumwarifu mwenye nyumba.

Kufikia Ijumaa alikuwa ameazima viti vya plastiki kwa jirani, meza ya mbao msikitini, na kitambaa cha meza kwa Kokuberwa, mwalimu kutoka Bukoba aliyekaa nyumba ya pili. Kokuberwa aliuliza wajumbe ni wangapi. Bi Mwamvita akasema bodi haiwezi kuwa chini ya saba. Akachinja kuku wanne. Isack alipoona pilipili na bizari zinatwangwa, akamwambia mkewe, "Hawa nao wana shughuli Jumamosi. Kutakuwa na msongamano."

Jumamosi asubuhi Mzee Nassibu alivalishwa kanzu iliyopigwa pasi ya mkaa, akakalishwa kiti cha mbele, akalala. Pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Bi Mwamvita amejifunga khanga mpya juu ya gauni la satini, amesimama mlangoni. Na ndipo Isack akatoka na betri ya gari mkono mmoja, ubao wenye mota mkono wa pili, nyuma yake Anwar amebeba boksi.

"Karibuni," Bi Mwamvita akasema, akachungulia nyuma ya Anwar. Hakukuwa na mtu. "Wenzako wako wapi, mwanangu?"

"Wenzangu gani, mama? Shikamoo."

"Marahaba. Bodi. Bodi iko wapi?"

"Hii hapa," Isack akasema, akatoa kile kibao cha kijani, akakiweka katikati ya kitambaa cheupe cha Kokuberwa.

Viti kumi na viwili vitupu vilikitazama kibao, na kibao hakikuwa na la kusema. Kokuberwa akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yanacheza. Bi Mwamvita akainama taratibu, akakitazama kwa karibu, kama mtu anayetafuta wajumbe humo ndani.

"Isack," akasema, "mie nimechinja kuku wanne kwa ajili ya hiki kidude?"

Isack alielewa, na uso ukamshuka. Aliangalia sufuria, akaangalia viti, akamwangalia mkewe, ambaye naye ndipo alipokumbuka yale mazungumzo ya bombani. Aliyemwokoa ni Anwar, mtoto wa dukani anayejua kumtuliza mteja.

"Mama," akasema, "hiki ni chombo tu. Chombo hakiwezi kujitathmini chenyewe. Wajumbe si ndio nyie?"

Bi Mwamvita akalifikiria hilo. Akakaa kiti cha katikati, akanyoosha khanga.

"Mwenyekiti ni mie," akasema. "Fundi, endelea."

Watu waliokuwa wananusa pilau barabarani wakaitwa, viti vikajaa. Isack akavaa miwani, akafungua kijitabu, na akawa anasoma kwa sauti, Kiingereza kwanza na Kiswahili baadaye, huku anafunga nyaya. Waya tatu nene kutoka kwenye mota, akazikaza kwenye bodi kwa bisibisi. Waya tano nyembamba, akaeleza: mbili za umeme, tatu za kuiambia bodi sumaku ya mota imefika wapi, ili ijue ni koili ipi ya kupewa umeme sasa. Kabla ya kuunga betri, kirungu cha mwendo, kile cha kuzungusha ili kuongeza na kupunguza kasi, kirudishwe sifuri. Akakirudisha. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Akachora mstari wa chaki chini, mtu asiuvuke, kwa kuwa mapanga hayakuwa na wavu.

Akazungusha kirungu kidogo. Feni ikatetemeka kama mwenye homa. Ikaenda kushoto kidogo, ikarudi kulia, ikanguruma, isizunguke.

"Inakataa," Bi Mwamvita akatangaza. "Andikeni."

"Bado, Mwenyekiti." Isack akarudisha sifuri, akatoa betri, akasoma tena. Katika zile waya tatu nyembamba alikuwa amepishanisha mbili, ya njano na ya buluu. Ikawa bodi inapewa habari za uongo, inasukuma wakati wa kuvuta. Akazibadilisha, akaunga betri, akazungusha kirungu.

Mapanga yakaondoka. Yakazunguka polepole, kisha kwa kasi, kisha hayakuonekana. Upepo ukapiga viti vya mbele, kanzu ya Mzee Nassibu ikajaa kama puto. Na hakukuwa na sauti. Hata kidogo. Ungesikia pilau inavyokauka.

Watu wakapiga makofi. Isack alisimama pale anameremeta, kiganja juu ya kirungu, anaongeza, anapunguza, anaongeza tena.

"Tathmini ianze," akasema Bi Mwamvita.

Kokuberwa akakaa mbele ya feni, akasema upepo ni mzuri ila unamkausha macho. Yustina akasema ungefaa kupepea jiko. Mjumbe mmoja, dereva wa lori, akasema haina nguvu, kwa sababu feni yake ya nyumbani inasikika mpaka kwa jirani. Hilo likawagusa wengi. Ikawa mjadala: feni isiyopiga kelele utajuaje kama umeiwasha? Mwingine akasema mgeni akija nyumbani kwako hataisikia, atadhani huna. Anwar alikuwa ameacha kutabasamu.

Mzee Nassibu alikuwa ameamka kwa sababu ya upepo. Alitoa leso mfukoni, akaiinua juu kama bendera, aone inavyopeperuka, na akawa anaifurahia peke yake.

"Na hii swichi?" Bi Mwamvita akauliza. Alikuwa amevuka chaki. Chaki ilikuwa ya wajumbe wa kawaida.

"Hiyo ni ya kugeuza upande, Mwenyekiti. Subiri nisome." Isack akachomoa ukurasa uliokuwa umelegea, akauinua karibu na macho. "Wanasema hivi. Tahadhari. Usigeuze swichi kabla ya..."

Bi Mwamvita alikuwa ameshageuza.

Bodi ilitoa mlio mmoja mfupi, mapanga yakasimama ghafla, kisha yakaanza kuzunguka kinyume. Upepo uliokuwa unatoka ukawa unaingia. Ukurasa ukachomoka mikononi mwa Isack, ukaingia kwenye mapanga, ukatoka upande wa pili vipande vipande juu ya pilau iliyokwisha pakuliwa kwenye sinia. Leso ya Mzee Nassibu ikanyooka, ikamponyoka, ikafuata njia hiyohiyo na kujiviringisha kwenye ekseli. Mota ikagoma. Taa nyekundu ikawaka kwenye bodi. Mzee Nassibu akabaki ameinua mkono mtupu.

"Imekufa!" watu wakasema.

"Haijafa," Isack akasema. "Umeme ukizidi inajikata yenyewe, isiungue. Ni ulinzi. Kuna namna ya kuirudisha, imeandikwa."

"Wapi?"

Isack akatazama sinia la pilau.

Sijawahi kumwona mtu mzima akihuzunika namna ile. Alipiga magoti, akaanza kuokota vipande vya karatasi kutoka kwenye wali, anavipanga juu ya kitambaa, hiki kina "kama", hiki kina "kwanza", hiki kina mafuta tu. Wajumbe wakamsaidia. Bi Mwamvita alikuta kipande chenye nukta moja tu, akakipitisha kwa heshima, maana sasa roho ilikuwa inamsuta.

Yustina alisimama nyuma yao kwa muda. Halafu akaenda mezani, akafungua leso kutoka kwenye ekseli, akarudisha kirungu sifuri kama alivyomwona mumewe akifanya, akatoa waya mwekundu kwenye betri, akaurudisha. Taa nyekundu ikazimika. Akazungusha kirungu. Feni ikazunguka.

"Umefanyaje?" Isack akauliza, bado amepiga magoti.

"Nimetoa, nimerudisha."

"Umesoma wapi?"

"Sijasoma popote, Isack."

Alimtazama mkewe kama ndiyo kwanza anamwona. Baadaye aliniambia kwamba siku ile aliogopa kidogo, na kwamba alimpenda zaidi.

Pilau ililiwa, kila mtu akitoa kipande chake cha karatasi mdomoni kwa adabu. Bi Mwamvita akasimama kutoa uamuzi wa bodi: feni imepita, ila waliotengeneza waiongeze sauti. Akamtaka Anwar awafikishie.

Na Anwar aliwafikishia kweli, kwa faksi. Wale watu wa nje walijibu kwa upole kwamba hawajaelewa, kwao kazi ya miaka mingi ilikuwa kuiondoa hiyo sauti. Faksi zilikwenda na kurudi. Mwisho Anwar aliagiza nusu kontena, na Isack akaletewa zote azifunge nyaya kabla hazijaenda dukani. Kwa kila feni alikata ulimi mdogo wa plastiki, akaufunga kwenye wavu, maana hizi zilikuja nao, uguse mapanga kidogo.

Ziligonga tarr-tarr-tarr mtaa mzima. Zilikwisha dukani kabla ya Ramadhani.