Mashimo ya Barabara ya Masereka

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Beni, daktari mkuu aliniamuru nimtoboe mtoto kidole, niandae kile tulichokiita goutte épaisse: tone nene la damu hukaushwa juu ya kioo, hutiwa rangi, kisha darubini huonyesha vimelea vya malaria. Niliviona vimejaa. Daktari hakushtuka. Alisema Beni malaria ndiyo mwenyeji, sisi wauguzi ni wageni tu.

Nikahamishiwa Eringeti, joto na mbu vilevile, kisha Masereka, kwetu milimani. Infirmier titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, alicheka aliponiona nimebeba chandarua. Akaniambia nitafute blanketi. Na kweli, kwa miaka mingi mgonjwa wa malaria pale alikuwa dereva au mchuuzi aliyetoka bondeni.

Ndipo barabara ikapanuliwa. Sikatai, tuliiomba wenyewe. Lakini wajenzi walichimba udongo mwekundu kando ya njia, wakaumwaga barabarani, wakaenda zao na kuacha mashimo wazi. Mvua ikayajaza, jua likayapasha, na malori ya Beni yakatuletea kila siku watu wenye vimelea damuni. Mbu hahitaji zaidi ya hapo. Nasi watu wa milimani, miili yetu haijazoea malaria. Ikishika, huangusha wakubwa kwa wadogo.

Nilimwendea ingénieur, mhandisi wa barabara ile. Alinijibu bila kushuka garini.

"Mama infirmière, mimi niko mutu wa route. Kufunga mashimo haiko mu contrat."

Basi, kama haimo katika mkataba wake, nikasema tuyafukie wenyewe. Waliokataa ni wanawake wanaoosha mashimoni humo poireaux, vile vitunguu vya majani vya kuuza Butembo, na aliyewaongoza ni mdogo wangu, Kahindo, aniitaye yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, mbele tulikuwa tunashuka mpaka ku muto, mugongo inakufa. Leo tunasafisha hapa, camion inabeba hapa. Unataka turudilie kule?"

Haikupita miezi mingi, binti yake Katungu akashikwa na degedege. Nilimpima mwenyewe: malaria. Dawa ya sindano ilikuwa imetuishia. Barabara ilikuwa nzuri, tulifika hospitali ya Butembo upesi, lakini alikuwa ameshakata roho mikononi mwa mama yake. Nilimchukia ingénieur. Nilimchukia na mdogo wangu, Mungu anisamehe.

Matanga yalipokwisha, nilimkuta Kahindo shimoni, anaosha. Hakuinua kichwa.

"Hawa batoto wengine batakula nini, yaya?"

Sasa nimestaafu. Kazi yote ile ya kutoboa vidole, na ugonjwa umepanda mlima kwa gari.

Juzi nilisikia barabara inapelekwa Vuhovi. Nikaenda, nikawaeleza wakulima kila kitu, hata kifo cha Katungu. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa pole, wakanipikia. Nilipoinuka kuondoka, mama mmoja alinisindikiza hadi njiani. Aliniomba nizungumze na wajenzi, shimo lao walichimbe karibu na shamba lake.