Vifungu Arobaini na Kimoja vya Kahawa

Nilifundisha watoto wa darasa la tatu kusoma kwa miaka ishirini na miwili, na mimi mwenyewe sijui kusoma ukurasa mpaka mwisho. Nalisema mapema ili mjue mna mtu wa namna gani.

Nilipochaguliwa kuwa diwani wa gombolola letu, yaani kata, milimani juu ya Bwera, nilipewa kitabu cha sheria ya serikali za mitaa. Nikafungua ukurasa unaosema baraza linaweza kutunga sheria ndogo. Nikakifunga hapo hapo. Kumbe Bunge limeniachia kazi mimi, Evas!

Kero yangu ilikuwa kahawa. Watu wanaianika juu ya udongo, inanuka mbuzi, wanunuzi wanaikataa. Nikaandika vifungu arobaini na kimoja. Cha tisa kilimruhusu diwani kuingia uani kwa mtu bila kubisha hodi. Cha kumi na saba kilikuwa na kifungo cha miaka mitatu. Cha mwisho kilitaja rangi ya kofia yangu. Barazani walipiga makofi. Nadhani wengi walikuwa wameishia kifungu cha nne.

Mwenyekiti wetu, Danieri, akasema, "Sasa iende wilayani Kasese, waangalie kama inapatana na sheria za nchi."

"Iende," nikajibu, "lakini kazi ianze."

Kesho yake nilitoka na askari wawili wa gombolola. Wa kwanza tuliyemkuta alikuwa Blandine, mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anageuza kahawa yake kando ya barabara.

"Mama, umevunja sheria," nikamwambia.

"Sheria gani? Karatasi yake iko wapi?"

"Iko njiani, inaenda Kasese."

Akanitazama kutoka miguuni mpaka kofiani. "Sheria iko njiani bado, kahawa yangu munaibeba leo?"

Tulibeba magunia matatu, tukayaweka sebuleni kwangu. Siku ya pili sebule ilinuka pombe: kahawa ilikuwa mbichi, imeanza kuchacha. Ilibidi niianike upesi. Turubai sikuwa nalo. Basi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaangalia kama kuna jirani, nikaimwaga juu ya udongo.

Blandine naye hakukaa kulia. Alipanda gari mpaka Kasese, na wiki ile ile nikaitwa na mwanasheria wa wilaya, binti anaitwa Ronah. Karatasi zangu zilikuwa mezani kwake, zimejaa wino mwekundu.

"Mwalimu, nani amekupa mamlaka ya kumfunga mtu miaka mitatu?"

"Sheria yenyewe," nikasema, nikamwonyesha ule ukurasa.

"Soma na mstari unaofuata."

Nikasoma. Ulisema adhabu ina kikomo, na kikomo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Akanifungulisha kurasa nyingine: sheria ndogo haiwezi kupingana na Katiba, na wilaya huikagua kwanza kabla haijamgusa mtu.

"Bunge limekuazimisha kalamu tu, mwalimu," akasema taratibu. "Na wananchi uliwauliza?"

Nilisema niliwatangazia. Hakucheka, na hilo ndilo liliniumiza.

Nikamrudishia Blandine magunia yake mbele ya baraza zima na kumwomba radhi. Alichota kiganja, akanusa, akanigeukia.

"Mama, hii inanuka mbuzi. Uliianikia wapi?"

Nilisema ukweli. Danieri alicheka mpaka akashika meza.

Safari hii tuliitisha mkutano wa wakulima na wachuuzi. Mkulima mmoja, Benon, alisema shida si ukaidi, ni turubai. Wakakubaliana kila kikundi kinunue la pamoja. Blandine akaomba watu wapewe onyo kwanza. Vifungu vikabaki sita, na kwa kusema kweli nilichoandika mimi humo ni neno "kahawa". Ronah akaipeleka sheria hiyo kwenye baraza la wilaya, wakaikagua, wakaipitisha.

Siku tuliyoibandika ukutani mwa ofisi, Blandine alikuja kuisoma, kidole kikifuata kila mstari hadi chini kabisa.

"Inaanza kazi Jumatatu," akasema.

"Ndiyo."

"Na leo iko Alhamisi."

Akavuka barabara, akafungua gunia, akamwaga kahawa yake chini kwenye udongo, akachukua reki. Nikashika reki ya pili, tukaanza kuisambaza.